Ncha ya pasi kuwa nyeusi na lehemu kutoshika

Mkuu umesema ncha ya pasi yako ya kuchomelea lehemu kila ikiwa nyeusi unaisugua na msasa na bado lehemu haishiki, huo msasa weka chini leo leo. Ncha ya pasi ya kuchomelea ndani ni shaba, juu imepakwa chuma chembamba sana, sasa wewe ukisugua kila ikiwa nyeusi unakitoa na lehemu inaanza kuila ile shaba, na ule weusi ni kutu ya moto, ndo maana lehemu inajiviringa vidonge inadondoka badala ya kushika. Ukiona ina vishimo hiyo imeshakufa, nunua nyingine, na usichukue iliyochongoka kama sindano maana haipeleki moto vizuri, chukua bapa ya milimita 2 hivi, kwa hizo bodi za redio unazotengeneza inatosha kabisa. Pasi yenyewe ukipata hela tafuta ya kurekebisha moto, hizi za kuchomeka ukutani tu zinapanda zinavyotaka zenyewe. Lehemu ya 60/40 (bati 60, madini ya risasi 40) weka nyuzi 320 mpaka 350 za Selsiasi, isiyo na risasi inataka zaidi kidogo. Kufuta tumia stiliwaya laini ya shaba ya njano (brasi), na kabla hujazima ipake lehemu mpya uiache hivyo hivyo usifute. Alafu fungua dirisha bana, ule moshi wa flaksi (ile dawa ya kusaidia lehemu ishike) unabana kifua.