Kadi ya Michoro Inasubiri Nini?

SWALI: Mhariri, ninafunza programu itambue magugu maji katika picha za Ziwa Victoria, lakini kadi yangu ya michoro hufanya kazi kidogo, kisha hukaa bure. Je, ni mbovu? – Msomaji, Kisumu.

JIBU: Si mbovu, ndugu msomaji, yaelekea inasubiri mzigo. Njia inayounganisha kadi na kompyuta, iwapo ni ya aina ya PCIe 4.0 yenye mikondo 16, hupitisha takriban gigabaiti 32 kwa sekunde kila upande, ilhali kumbukumbu ya kadi yenyewe hupitisha mamia, kwa hiyo kuvusha picha mojamoja ni kupoteza muda njiani. Zivushe kwa mafungu, na fungu la pili livuke wakati la kwanza lingali likichakatwa. Matokeo ya kati, yaani ya kila hatua kabla ya jibu la mwisho (hapa wengi hukosea), yaache humo humo kwenye kadi. Kuyarudisha kwenye kumbukumbu ya kompyuta kila hatua ni kama kupakua samaki pale ufukweni Dunga na kuwapakia tena mtumbwini.