Mgeni wa kazi, fuata jina mpaka jibu lipatikane

Oktoba, mwezi wa kampeni za saratani ya matiti, ikikaribia, wewe unayeidhinisha pesa za miradi utaletewa bajeti ya fulana za waridi na hema la kupimia. Nunua hema kwanza. Mama aliyekuja soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili kuuza omena hatafungua blauzi mahali panapopitwa na watu, hata umhubirie vipi. Awepo muuguzi wa kike. Atakayekutwa na uvimbe aondoke na barua ya rufaa yenye tarehe na jina la kliniki, pamoja na nauli ikiwezekana. Chukua namba yake ya simu na ya jirani pia, maana simu huazimwa, huuzwa au huzima chaji.

Kwenye baraza, sema wazi kwamba uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Wengi huchelewa kwa sababu wanangoja maumivu. Taja pia chuchu iliyoanza kuingia ndani, majimaji yenye damu, na ngozi yenye vishimo kama ganda la chungwa. Wanaume nao huupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache.

Shirika la Afya Duniani linataka ugonjwa uwe umetambuliwa ndani ya siku 60 tangu mtu afike kituoni mara ya kwanza. Zihesabu siku hizo kwenye daftari, jina kwa jina. Ripoti inayosema "tulipima wengi" bila kusema wangapi walipata majibu haijasema kitu.

Kwenye utafiti, usitoe ruzuku kabla ya kuona kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya inayoruhusu utafiti. Isome pia fomu ya ridhaa ya Kidholuo au Kiluhya pamoja na mtu anayezungumza lugha hiyo nyumbani; mgonjwa asije akadhani utafiti ndiyo matibabu yenyewe.

Kisha uliza kuhusu kopo la sampuli. Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Nyama iliyotolewa kwenye titi iingizwe ndani ya saa moja kwenye fomalini, dawa ya kuizuia isioze, ya asilimia 10 yenye bafa (kemikali ya kudhibiti asidi), na fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa nyama. Ikae humo saa 6 hadi 72. Titi zima likatwe vipande kwanza, kwa kuwa fomalini hupenya polepole mno, kama milimita moja kwa saa, na katikati huoza huku nje pakionekana pazuri. Nyama ikichelewa kuingia kwenye fomalini, vipokezi vya homoni, yaani sehemu za seli za saratani zinazonasa homoni, huharibika na maabara husema havipo. Mgonjwa huyo atanyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni isichochee saratani, kidonge cha miligramu 20 kwa siku ambacho angekimeza miaka mitano au zaidi, na takwimu za mtafiti zitakuwa za uongo vilevile.

Kwa hiyo bajeti itaje makopo yenye mdomo mpana, fomalini, na gari la kupeleka sampuli maabara, hata Ijumaa jioni. Jina na namba ya mgonjwa viandikwe kwenye kopo lenyewe. Vifuniko hubadilishana mezani.