CNC ya kujiundia nyumbani inasimama ukiwasha spindo? Kwangu zilikuwa nyaya

Mkuu, umeuliza kwa nini CNC yako (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) inatembea vizuri ukiijaribu hewani, lakini ukiwasha spindo tu, yaani mota inayozungusha kisu, inapiga ALARM:1 na kugoma, na kama ununue bodi nyingine ya kuiongoza. Usinunue kwanza. Mimi nilinunua, ikafanya yale yale, na ile ya zamani ipo kwenye droo, nzima kabisa.

Yangu iko kibarazani nyuma ya nyumba, hapa Dar. Fremu ni skwea paipu za Gerezani, mota tatu za stepa (zinazozunguka hatua kwa hatua) za NEMA 17, skrubu ndefu za T8 za kusogeza mashine, Arduino Uno yenye GRBL 1.1 (programu inayoiongoza) na CNC Shield V3 juu yake, bodi ya kuchomekea mota na swichi. Kuhusu fremu nina neno moja tu: ukishashikiza vyuma, pima kona kwa kona kabla hujachomea moja kwa moja, maana moto unavuta chuma. Yangu ilikwenda upande milimita nne. Nikamlaani fundi, na fundi ni mimi mwenyewe.

Siku ya kwanza niliiamuru itembee milimita 10, ikaenda 40. Nilikuwa nimepima umbali kati ya jino na jino la skrubu, nikapata milimita 2, nikaingiza hatua 1600 kwa milimita. Kumbe skrubu nyingi za T8 zina njia nne zinazozunguka pamoja, kwa hiyo mzunguko mmoja unasogeza milimita 8. Mota ina hatua 200, ukigawa kila hatua mara 16 unapata 3200. Gawanya kwa 8, ni 400. Hiyo ndiyo namba ya $100, $101 na $102, mipangilio ya GRBL ya hatua kwa milimita kwa X, Y na Z.

Halafu nikaunguza draiva, kile kibodi kidogo kinachoendesha mota. Nilitoa aina ya A4988 nikachomeka ya DRV8825, nikaielekeza kwa kufuata kile kiskrubu cha kurekebisha ampea. Kwenye DRV8825 kiskrubu kiko upande wa pili! Moshi kidogo, harufu, basi. Fuata maandishi ya pini ya EN kwenye draiva na kwenye Shield, usifuate sura ya draiva. Na usichomoe waya wa mota umeme ukiwa unapita, hata kwa sekunde moja, draiva inaweza kufa hapo hapo.

Sasa tatizo lako. ALARM:1 maana yake GRBL imeona swichi ya kikomo (ile ya mwisho wa njia) imeguswa, wakati wewe unaona kwa macho hakuna kilichoigusa. Spindo yangu ni ya DC, wati 500, yenye brashi za kaboni, na kaboni zikisugua zinatoa cheche. Mimi kwa kupenda usafi nilikuwa nimefunga nyaya zote pamoja kwa zip tai, za spindo, za mota na za swichi, zinapendeza kama nywele za kusuka. Ule waya mwembamba wa swichi ukawa antena. Uno inaishikilia pini ya swichi kwa resista dhaifu ya ndani, kwa hiyo kelele kidogo ya umeme inatosha kuidanganya.

Ili kuhakikisha, weka $21=0 kwa muda (GRBL iache kusimama kwa swichi za kikomo), inua spindo juu, iwashe, endesha programu hewani. Ikimaliza bila kugoma, mchawi wako ni nyaya za swichi. Ikiendelea kugoma au kompyuta ikipoteza mawasiliano, angalia kebo ya USB. Fupi na nene ndiyo nzuri.

Dawa niliyotumia haikuisha siku moja. Kwanza nilitenganisha: nyaya za spindo zinapita kushoto, za swichi kulia, na zinapolazimika kukutana zinakatizana kama msalaba, hazitembei sambamba. Kelele ikapungua, haikuisha. Nikabadilisha nyaya za swichi nikaweka zenye wavu wa nje, wavu nikauunga na ethi upande wa bodi tu. Ukiunga pande zote mbili unatengeneza mzunguko mwingine wa kelele. Kisha kepasita ya nanofaradi 100 kati ya kila pini ya swichi na graundi, karibu kabisa na bodi. Mwisho nikahamisha swichi kutoka mguu wa NO (wazi mpaka iguswe) kwenda NC (imefungwa mpaka iguswe) na kuweka $5=1 ili GRBL iisome kinyume. Hili la mwisho ningelianza nalo, maana waya ukikatika mashine inasimama yenyewe badala ya kwenda kugonga ukuta.

Kama swichi ya Z (ya juu-chini) haisikii kabisa, usishangae. Maandishi ya Shield V3 ni ya GRBL ya zamani. Kuanzia toleo la 0.9 pini 11 na 12 zilibadilishana, kwa hiyo swichi ya Z inachomekwa palipoandikwa SpnEn.

Na ethi usiiruke. Fremu ya chuma, mkono wako juu yake, saplai ya 230V pembeni: waya wa ethi ufike kwenye fremu, na kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa spindo wenyewe, kisiwe cha kuiambia Arduino tu.

Tangu hapo nimechonga mninga saa tatu mfululizo bila alamu. Kilichonisimamisha ni umeme wa mtaani.

Tuambie spindo yako ni ya kaboni au la, na weka picha ya nyaya zinavyopita, tuone kabla hujatoa hela.