Kukopa ao kukopesha? Mwalimu anajibu barua zenu

Mama muuza unga, komini Kenya, Lubumbashi: Jambo Mwalimu. Mimi naendaka ku Kitwe, mu Zambia kwenye banasema Kingereza, kuleta unga. Mwezi yenye ilipita franga ilinipungukia, nikamuambia patroni wa depo, "I want to lend you 300 dollars". Akafurahi sana, akaleta kiti, akakaa, akangoja. Na mimi nangoja. Tuliangaliana paka vile mpaka kijana moja mwenye kujua Kiswahili akatucheka. Nilikosea wapi? Batoto yangu bananichekelea ku nyumba mpaka leo.

Jibu: Pole Mama, lakini patroni hana kosa, ulimuambia unataka kumukopesha, sasa nani atakataa dola 300? "Borrow" njo kukopa, kitu kinakuja kwako, na "lend" njo kukopesha, kitu kinatoka kwako kinaenda kwa mwenzako. Ungesema "I want to borrow 300 dollars from you". Shida yetu batu ya huku, tukitaka kusema Kingereza tunapitia kwanza mu Kifransa juu njo lugha ya masomo, kumbe Kiswahili cha mama kingetusaidia zaidi. Sikiliza ile "-sha" ya mwisho. Kukopa "borrow", kukopesha "lend". Kukumbuka "remember", kukumbusha "remind". Mutu akikuambia "remember me to pay" anataka kusema kumukumbusha, Kiswahili hakiwezi kukosea pale, lakini kwa Kifransa "rappeler" inabeba yote mbili ndiyo maana tunachanganyikiwa. Vilevile "apprendre", mwalimu anaapprendre na mwanafunzi anaapprendre! Kiswahili kinasema kufundisha na kujifunza, Kingereza "teach" na "learn". (Hata Waingereza zamani, mu wakati wa Shakespeare, "learn" ilikuwa inatumika pia kwa kufundisha, basi tusijione wajinga.)

Fasi moja Kingereza kinakuwa mvivu: kupanga nyumba na kupangisha, yote ni "rent". Baiyere (mwenye nyumba) na lokatere (mpangaji) bote bawili banasema "I rent a house", ukitaka isikike wazi kama wewe njo mwenye lupango, sema "I rent it out". Na usiseme "location" kwa nyumba ya kupanga, ile ni Kifransa, mu Kingereza "location" ni fasi kitu kinapatikana, basi.

Tena hivi: sisi tunaazima biki na tunakopa franga, Kingereza hakijali, biki "borrow", franga "borrow". Neno lenyewe limetoka mu neno la zamani la dhamana, na mimi hiyo inanipendeza juu njo vile tunafanya, unaacha karte ya uchaguzi kwa muuza duka, unabeba mfuko ya unga. Na ku Kitwe utasikia mutu anasema "borrow me your pen". Usimucheke, banasema vile na banasikilizana muzuri, lakini mu mtihani ao mu barua ya banki andika "lend me".

Kijana wa Katuba: Mwalimu, niliitwa ku entaviu mu kampuni moja ya mugodi. Bakaniuliza ninafanya nini sasa na ninapata ngapi. Nikajibu, "Actually I am a driver and I win 250 dollars a month". Mzungu akauliza kwa mchezo gani. Sijaitwa tena. Ni juu ya ile?

Jibu: Kama ni juu ya ile ama apana, mimi siko mu biro yabo. Ila ile sentensi, yaya, ni Kifransa chenye kuvaa kofia ya Kingereza. "Gagner" inashinda mupira na inapata mushahara pia. Kingereza kinatenganisha: "win" ni ushindi, mupira, kesi, bahati nasibu, "earn" ni jasho. Dereva "earns" 250, hata kama siku zingine kupata mushahara huku kunafanana kabisa na bahati nasibu. Na "actually" haina "actuellement", ni "kwa kweli", mutu akisikia anafikiri unataka kusahihisha kitu alichosema. Wewe ulitaka "currently" ao "now" tu. Mingine ya jamaa ile ile: "I assisted the meeting" inaonyesha ulisaidia mkutano, kama ulikaa tu nyuma na kusikiliza, sema "I attended".

Mwanafunzi, Lubumbashi: "Library" ni librairie?

Jibu: Apana, "library" ni maktaba, unasoma unarudisha, na fasi ya kuuza vitabu ni "bookshop". Lakini usiseme Waingereza njo baliharibu, juu Wafaransa benyewe zamani "librairie" ilikuwa maktaba, Montaigne, mwandishi Mfaransa wa karne ya 16, chumba chake cha vitabu alikiita vile. Ni Kifransa njo kilihama. Kaye na biki sasa ni "stationery", yenye e sawa anvelope, juu "stationary" yenye a ni kamio yenye inasimama ku mpaka wa Kasumbalesa siku ya tatu hii.