Saa 700 za Caravan na ndoto ya Dubai

Mkuu, una leseni ya rubani wa biashara na saa 700 za kurusha Caravan, ile ndege ndogo ya abiria, kati ya Dar na Zanzibar, unauliza kama uombe kazi Dubai sasa hivi. Mimi ningesubiri. Caravan ina injini moja, na mashirika makubwa ya Ghuba hutazama zaidi saa za ndege kubwa zenye marubani wawili. Tafuta kwanza kiti cha rubani msaidizi kwenye ATR au Dash 8, ndege za injini mbili na marubani wawili, hapahapa nyumbani, ufikishe saa 1,500 uchukue ATPL kamili, leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria.

Kiingereza cha daraja la 4 la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinatosha kisheria, ila utapimwa upya kila baada ya miaka 3. Ukipata la 6, hupimwi tena.

Mkataba ndio wa kusoma kwa makini. Mshahara wa Dubai haukatwi kodi ya mapato, sawa, lakini mafunzo ya ndege mpya yanakufunga miaka mingapi? Ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani? Pensheni usiitarajie, wageni hupewa kiinua mgongo. Na wakala anayedai ada ya usaili, mkimbie.