Kanvasi hupasuka au huchanika?

Swali: Naandika maelezo ya mchoro wa rangi za mafuta ulioharibika na kutengenezwa. Niliandika "turubai lililopasuka lilitiwa kiraka". Mwenzangu amekata maneno yote matatu. Je, ana haki?

Jibu: Mawili, ndiyo. La tatu linategemea fundi alifanya nini.

"Turubai" si kosa la sarufi, ila msomaji ataona lile la kufunikia lori au la msibani. Andika kanvasi, au kitambaa cha kitani ikiwa ndicho.

"Kupasuka" iachie rangi. Kitambaa huchanika au hutatuka. Rangi iliyokauka juu yake hupasuka, kisha hubanduka. Kisu kikipita, sema umekatwa, kama ule mchoro mkubwa wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ulioshambuliwa Amsterdam mwaka 1975. Tofauti hii si ya urembo: kingo za mkato ni safi na hukutana, ilhali kwenye mchaniko nyuzi zimevutika na kufumuka, na mara nyingi hazifikiani tena.

Sasa kiraka. Hicho ni kipande cha kitambaa kilichogandishwa nyuma. Gundi ya maji ikikauka hunywea, kiraka kikavuta kanvasi, na baada ya muda umbo lake huchomoza upande wa mbele. Ndiyo maana anayekitumia hufumua nyuzi za ukingoni mwa kiraka ili usibaki mstari mkali.

Njia nyingine ni kuunga uzi kwa uzi. Kingo hulainishwa kwa unyevu kidogo na kulazwa chini ya uzito. Kisha, kwa hadubini na sindano, kila uzi wa mtande (wa urefu) na wa mshindio (wa kukingama) hurudishwa mahali pake na kuunganishwa kwa tone la gundi, kwa mfano ya samaki aina ya sturgeon iliyochanganywa na uji wa wanga wa ngano. Uzi mfupi huongezewa mwingine. Neno la mafundi cherehani, kutililia, linakaribia sana, lakini hilo ni la kushona, na hapa hakuna kinachoshonwa.

Ikiwa kitambaa kizima kiligandishwa nyuma ya kanvasi yote, hicho si kiraka kikubwa, ni bitana, kama ya koti. Nako kuirudisha kanvasi kwenye fremu ni kuwamba, wala si "kuvuta".

Muulize fundi kwanza. Akisema aliunga, andika: "Kanvasi iliyochanika iliungwa uzi kwa uzi, na pengo la rangi likajazwa." Akisema alitia kiraka, kiraka kibaki.