Wahadhiri wanajua vitufe, bado kufundisha

SWALI: Mimi ni mkuu wa idara katika chuo kikuu. Tuliwaandalia wahadhiri wetu warsha ya siku mbili kuhusu Moodle, programu ya kuendeshea kozi mtandaoni, lakini muhula ulipoanza, wengi walipakia slaidi zao za darasani, kisha wakanyamaza. Wanafunzi nao wakanyamaza. Je, turudie warsha?

JIBU: Ndugu Mkuu wa Idara, msiirudie. Warsha hiyo iliwaonyesha wahadhiri vitufe vilipo, jambo ambalo mwenye nia angejifunza kwa jioni moja. Haikuwafundisha namna ya kuwapo mbele ya wanafunzi wasiowaona. Watafiti Garrison, Anderson na Archer, katika makala yao ya mwaka 2000, walitaja uwepo wa aina tatu unaohitajika katika kozi ya mtandaoni: wa kifikra (kuwaza na kujenga maana pamoja), wa kijamii (kujuana kama watu) na wa kiufundishaji (mwalimu kupanga na kuongoza). Darasani mengi ya hayo hujitokeza yenyewe, kwa sauti, kwa macho, hata kwa mzaha. Mtandaoni sharti yaandaliwe na kuandikwa.

Kwanza, wakalisheni wahadhiri upande wa mwanafunzi. Waandikisheni katika kozi fupi ya wiki tatu, inayoendeshwa yote mtandaoni, yenye mijadala na tarehe za kuwasilisha kazi (nao, nakuonya, watachelewesha kazi kama wanafunzi wao). Profesa aliyeandika hoja yake Jumatatu na kufika Alhamisi bila kujibiwa hahitaji kuelezwa kwa nini darasa lake lilinyamaza.

Baada ya hapo kila mmoja apewe mlezi, naye awe mhadhiri mwenzake aliyekwisha kufundisha mtandaoni, si fundi wa kompyuta wala wewe uliye mkubwa wake, maana ni wachache wanaothubutu kumwonyesha mkubwa wao kozi iliyowashinda. Mlezi aingie ndani ya kozi yenyewe. Akikuta swali la mjadala lisemalo “Eleza maana ya mfumuko wa bei”, ambalo wanafunzi 40 watalijibu kwa sentensi ileile ya kitabuni, wakae pamoja walibadilishe: “Chagua bidhaa moja uliyonunua mwezi huu, ueleze kilichopandisha au kushusha bei yake.” Mhadhara wa saa nzima nao waukate vipande, maana uchunguzi wa video za kozi za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa zisizozidi dakika sita ndizo zilizofuatiliwa vizuri zaidi.

Ulezi huo uhesabiwe katika mzigo wa kazi, na mlezi apunguziwe vipindi, la sivyo utaachwa mara tu usahihishaji wa mitihani utakapoanza.